Fundo la Mashoto

...na mkono wa kushoto ndio uliotangulia kufa ganzi, kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu nguo hii haina huruma, inamtaka mtu anyanyue mikono yote nyuma ya shingo kama mtuhumiwa, ashike kamba zake mbili asiziachie, maana akiziachia tu kifua kizima kinabaki nje kama duka lisilo na mlango, na Bi Pasi hakuja hapa kufungua duka, amekuja kujaribu gauni la harusi ya bintiye, basi amesimama nyuma ya pazia la fundi, kamba huku na kamba huku, anajitazama kwenye kioo chembamba kilichoegemezwa ukutani, na sauti ya fundi inamjia juu ya mlio wa cherehani, "Mama, tayari? Nije nikufunge?" na yeye akajibu, "Bado," na kweli ni bado, ila si bado ya nguo, nguo ilishakuwa tayari kitambo, ni bado yake mwenyewe, kwani pale pazia linapokutana na ukuta pana upenyo, si mkubwa, wa kupitisha jicho tu la mtu mwenye tabia ya kuchungulia, na tabia hiyo Bi Pasi anayo, nani hana, na katika upenyo ule anamwona fundi kakaa kwenye cherehani kampa mgongo, naye fundi kavaa gauni la shingoni vilevile, mgongo wazi mpaka karibu na kiuno, mgongo wa mwanamke aliyekula akashiba, na hapo kisogoni, chini ya nywele alizozibana juu, pana fundo, na fundo lile Bi Pasi analijua kama anavyokijua kikohozi cha mumewe gizani... kamba imezungushwa mara mbili, mkia ukapitishwa chini ukabanwa, likaachwa sikio moja refu, na fundo zima limelala kushoto. Mafundo ya watu wengine hayalali kushoto. Ukitaka fundo lilale kushoto lazima lifungwe na mashoto, na si mashoto yeyote, mashoto aliyekulia juu ya malori, aliyeanza kazi ya utingo kabla hajapewa usukani, anafunga turubai juu ya magunia huku dereva anapiga honi, fundo lisilofunguka kwa upepo wala mvua wala barabara ya mashimo, linamjua aliyelifunga, yeye peke yake ndiye anayelivuta sikio mara moja, paa, turubai lote chini. Watu wa malori wanamwita hivyohivyo, Mashoto. Nyumbani anaitwa Baba. Kwa fundi sijui anaitwaje, na Bi Pasi naye hajui, anachojua ni kwamba leo alfajiri mumewe amemuaga anapeleka saruji mbali, atarudi Ijumaa, na fundo lile pale si la juzi, bado limekaza, bado halijalegea kwa jasho la mchana, fundo la asubuhi ya leo hilo, kwa hiyo lori kweli lilisafiri, ila safari yenyewe ilikuwa fupi kuliko alivyosema.

Sasa hapo mtu angetarajia apige kelele, au walau magoti yamlegee, au aone kizunguzungu ashike ukuta, wengine huzimia kabisa na wakamwagiwa maji, lakini yeye amesimama tu, anajipapasa moyoni kama mtu aliyetoka kung'olewa jino anavyobonyeza shavu lake, anajua pale palikuwa na kitu, anabonyeza, anabonyeza tena, hakuna, shavu la mtu mwingine, na anachowaza wakati huo, aibu iliyoje, ni kwamba pindo la gauni lake upande wa kulia limeshuka kidogo na itabidi amwambie fundi alipandishe. Miaka yote hiyo ya kupiga pasi mashuka ya hoteli imemla hisia za vidole, anashika chuma cha moto na hashtuki, wenzake kule chumba cha kufulia wanamtania, Bi Pasi ukiungua wewe atakayelia ni pasi, ndio jina likamganda, labda ganzi ile imepanda polepole, vidole, viganja, mikono, mpaka ikafika ndani... "Anti, na mkufu je?" hiyo ni sauti ya bintiye, kakaa kwenye kigoda karibu na pazia, mguu juu ya mguu, chini ya pazia inaonekana ndala yake nyekundu inabembea kwenye vidole, anachezea simu huku anamwuliza fundi, ndiye aliyemleta hapa, ndiye aliyesema, mama, harusi yangu huvai yale magauni yako ya mikono mirefu kama shahidi wa mahakamani, utavaa la shingoni, mabega yako mazuri unayaficha ya nini, na fundi akajibu, "Mkufu wa nini tena, bibi harusi? Shingo tayari ina kazi ya kubeba nguo. Gauni la shingoni halivaliwi na mkufu, utakuwa umempandisha mtu juu ya mtu. Hereni tu, ndefu, na nywele juu, kisogo kionekane. Na ile sidiria ya mikanda mabegani, tafadhali, iache nyumbani, bora mtu atoke bila kuliko ule mkanda uchungulie kama jirani mbea." Binti akacheka. "Na baridi ikija?" "Mtandio, lakini uutupe kiwikoni, usijifunike kama mgonjwa. Mtu akivaa nguo ya mgongo wazi halafu akaufunika mgongo, si angenunua shuka tu?" na Bi Pasi nyuma ya pazia karibu atabasamu, kwa sababu fundi anajua maneno, ana mdomo mtamu, si ajabu mume aliyechoka na safari akapenda kukaa karibu na mdomo kama ule, na fundi akiongea kichwa chake kinatikisika na lile sikio la kamba linaruka huku na huku mgongoni, kama mkia wa ndama.

Na rangi, mbona hakuiona tangu mwanzo, jicho lilikuwa kwenye fundo tu... gauni la fundi ni la njano, njano ya limau lililoiva, na la kwake mwenyewe, lile la kwanza, la enzi hizo, lilikuwa njano hiyohiyo, mumewe hajawa mumewe bado, utingo tu mwenye vumbi kwenye kope, alilileta kalikunja ndani ya shati kama mtu aliyeiba kifaranga, sijui alilitoa wapi, akasema jaribu, naye akaingia chumbani akalivaa akatoka amezishika kamba hivi, hivihivi, mikono juu, hajui azifanyeje, na mama yake mzazi aliyekuwa anachambua mboga mlangoni akasema, "Haya, mtoto wangu katiwa kamba shingoni, siku hizi tunaozesha au tunauza mbuzi?" watu wakacheka mpaka yule utingo akaona haya, lakini akaja nyuma yake, mikono ile inanuka dizeli, akafunga, mara mbili, mkia chini, akabana, akasema kwa sauti ndogo ya kusikika sikioni tu, "Hili halifunguki mpaka nitake mimi," kisha akampiga mgongoni kwa kiganja, pa-pa, kama wanavyolipiga bodi la lori mzigo ukishakaa sawa, "Twende!" na wakaenda, wakacheza muziki wa watu wasiowajua mpaka viatu vikamwuma, na shingo nayo, maana hakuna asemaye ukweli kuhusu nguo hizi, uzito wote unaning'inia kwenye kisogo, ukiamka kesho yake kichwa kinagonga, lakini usiku ule hakusikia uzito... na je, alikuwa anasikia nini? Anajaribu kukumbuka alisikia nini, anaona tu picha, gauni, vumbi, mboga za mama yake, kama kumtazama mtu wa nyumba ya pili dirishani. "Mama, umelala humo?" bintiye akauliza. "Bado kidogo," akajibu, na sauti ikatoka ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetafuta pindo, mwenyewe akaistaajabia.

Labda si yeye. Hilo nalo limempitia, kwani mashoto ni mmoja duniani, lori ni moja, huenda fundi ana kaka yake anafunga mizigo, huenda alijifunza mahali, mafundi wa nguo na wafunga turubai wote ni watu wa kamba, na Bi Pasi akaanza kulishika wazo hilo kama anavyoshika zile kamba, akasema moyoni, ukifika nyumbani usiulize kitu, binti anaolewa Jumamosi, baba yake ndiye wa kumsindikiza, lolote lililopo limezwe, mbona vimemezwa vingi, meza mpaka Jumapili, na Jumapili ikifika utaona kama lina ladha... na hapo bintiye, mtoto wa watu hana hili wala lile, akauliza, "Lakini anti, hizi kamba mtu hajifungi mwenyewe zikakaa vizuri. Wewe nani hukufunga?" Cherehani ikanyamaza. Unajua mwanamke anapotaka kuulizwa jambo, jinsi anavyojifanya hakusikia kwanza? Fundi akakohoa, akatoa pini mdomoni, akasema, "Mimi? Mimi nina mtu wangu bwana." "Eeeh! Mtu gani?" "Mtu wa malori. Ananifunga kama anafunga saruji, ukimwambia polepole anasema mzigo haufungwi polepole. Akimaliza, pa-pa mgongoni, 'Twende!' Kama mimi ndiye lori!" na akajichekea mwenyewe, kicheko kizuri, na bintiye akaanza kucheka naye, kikatoka nusu, kikakwama, na chini ya pazia ile ndala nyekundu iliyokuwa inabembea ikasimama. Bi Pasi akaitazama. Mtoto yule, alipokuwa mdogo, asubuhi za safari, baba yake alikuwa akimfunga mkoba wa shule mgongoni, pa-pa, twende, kila safari. Ndala haikubembea tena.

Na fundi, masikini, haoni kitu, mgongo wake uko kwao wote wawili, ameshafunguliwa mdomo na mdomo ukifunguliwa haufungwi kwa fundo, anaendelea, "Mtu mzima lakini, si kijana. Kafiwa yule. Mkewe alikufa." "Alikufa?" bintiye akasema. "Alikufa. Moyo. Alianguka kazini palepale, alikuwa mpiga pasi hotelini, wakamkuta kakumbatia meza ya pasi, shuka limeungua," na Bi Pasi akasikia habari za kifo chake akiwa wima, mikono juu, kumbe nilikufa, akawaza, na msibani kwangu sikuitwa, nani alipika, nani alikaa na wageni, nani aliniosha, wifi yangu hakukosa kulia kwa sauti kubwa kuliko watu wote yule, na shuka nalo limeungua, miaka yote sijaunguza shuka hata moja halafu siku ya kufa kwangu ananiunguzia shuka, hapo kaniharibia jina... lakini ugonjwa kanichagulia mzuri, wa ghafla, sikumsumbua mtu, kitandani sikuoza, afadhali, angeweza kusema tumbo. Na bado hakuna kinachouma. Anatafuta, anabonyeza, ganzi imeshapita kiwiko sasa iko begani, mkono wa kushoto umekufa kabisa unashika kamba kwa mazoea tu, kama marehemu yule alivyokumbatia meza.

"Lakini alimpenda," fundi anasema, sasa sauti yake imeshuka, amegeuza kitambaa kwenye sindano, hashoni, anakipapasa tu, "nisikudanganye, mdogo wangu, mimi namwonea wivu maiti. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini huyu anasemwa vizuri kupita kiasi! Eti hakuwahi kuona mwanamke aliyependeza na gauni la shingoni kama yule. Eti mabega yake, mtu akikaa nyuma yake kwenye karamu hasikii hata muziki. Hili nililovaa yeye ndiye aliyetaka nilishone, alinichorea hewani kwa kidole, kamba ipite hapa, kifua kikunjwe hivi, na rangi iwe njano, si njano nyingine, nikamletea vitambaa akavikataa vyote mpaka tukakipata hiki. Siku nyingine akishanifunga anakaa kimya nyuma yangu, najua hapo hayuko na mimi. Nalala namwombea yule mama wa watu." Na hapa ndipo, si kwenye fundo, si kwenye saruji ya uongo, si hata kwenye kuzikwa akiwa hai, hapa ndipo kitu kikasogea ndani ya Bi Pasi, kidogo tu, kama mtu aliyelala anavyogeuka, kwa sababu alijaribu kuhesabu mumewe humwambia nini yeye aliye hai, akapata, funguo umeweka wapi, chumvi, tairi la nyuma limekwisha, zima taa, umesikia mvua?... mabega hayamo. Mabega ameyatoa nje, kampelekea mwanamke mwingine, kama mtu anayehifadhi vyombo vizuri kwa jirani. Na yeye amekaa naye meza moja mabega yakiwa yapo, yamekaa palepale, chini ya mikono mirefu. Aliyekufa kweli ni nani? Ni yule binti wa gauni la njano, na huyo, Bi Pasi akakiri, hata yeye alihudhuria mazishi yake, lile gauni lilipobana alilikata vipandevipande akawa anafutia masizi ya pasi, kitambaa kizuri, hakikuacha nyuzi, siku moja mumewe akamkuta anafutia, akatazama, akatoka nje kutia maji kwenye lori ambalo lilikuwa na maji. Walimwua wote wawili basi. Tofauti ni kwamba mmoja alikwenda kumtafutia mwili mwingine wa kumvika, na mwingine alirudi kazini.

Akajitazama kwenye kioo. Hakuwa amejitazama kweli, alikuwa amemtazama fundi. Gauni lake ni la bluu iliyokolea, limekaa, pindo la kulia ndiyo limeshuka lakini kifua kimekaa, shingo imenyooka kwa sababu ya mikono kuwa juu, na mabega, ebu tazama, mabega yale yamenenepa kidogo, yana alama ya mkanda wa sidiria ya miaka, yana kovu la mvuke wa pasi kama jani, lakini yapo, yameshuka vizuri kutoka shingoni bila haraka, na kwapani pana jasho, marehemu gani huyu anatoka jasho, na mkono wa kushoto, alipoubadilisha mshiko kidogo tu, damu ikarudi, sisimizi kwa maelfu kutoka begani mpaka kwenye kucha, wanauma, wanauma kwelikweli, akakaza meno, akawaacha waume. Chungu na tamu. Nimependeza, akawaza, na wazo lile lilimshtua kuliko yote aliyoyasikia leo, nimependeza, na hakuna aliyeniambia, nimejiona mwenyewe. "Mama?" bintiye akaita. Sauti ile si ya bibi harusi, ni sauti ya mtoto aliyevunja kikombe na hajui aseme au afiche vipande, na Bi Pasi akaelewa kwamba kumeza kumekwisha, alitaka kumeza kwa ajili ya mtoto na mtoto keshaonja, sasa wamesimama huku na huku ya pazia kila mmoja anamficha mwenzake jambo lilelile, na katikati yao mwanamke mwenye mdomo mtamu aliyemwombea usiku, mtu pekee aliyemwombea, hakuna mwingine amjuaye, hawezi kumchukia, anajaribu kidogo, hawezi, huyo naye kafungwa akaambiwa twende bila kuambiwa wapi. "Niko hapa, mwanangu," akasema. "Niko."

"Basi Mama nisaidie jambo moja nimalizie huku," fundi akasema, mguu umesharudi kwenye cherehani, mkasi mkononi, furaha yake yote ipo palepale haijapungua, "siku yenyewe nani atakufunga? Nikuachie kamba ndefu au fupi?" Sisimizi walikuwa wamefika vidoleni sasa. Kamba zote mbili bado ziko mikononi mwake, hazijafungwa, na kule nje ya pazia bintiye ameacha kupumua, anasikika alivyoacha. "Kamba zikate, fundi," Bi Pasi akasema. "Nitilie kishikizo, nitakifunga mwenyewe." "Kishikizo? Na mgongo mzuri hivyo! Mama jamani, kwani Baba hajui kufunga?" "Anajua," Bi Pasi akasema, taratibu, akijitazama mabega, "anafunga kuliko watu wote. Lakini yuko msibani. Kafiwa na mkewe."